Daftari la Mwalimu Erasmus

Isevya, Tabora
7 Oktoba 2024

Wifi Apolinaria,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu umeolewa na kaka yangu na umenizidi miaka saba, lakini ujue leo imenitoka kwa shida.

Nimekupigia simu mara nne tangu Jumamosi tulipocheza igizo kwenu. Unapokea, nikianza kusema la maana unaniambia mtandao unakatakata. Ukianza kunihadithia mbuzi wako mtandao unakuwa mzuri. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Barua nampa Godbless, konda wa basi la Igunga, aiache hapo Ziba dukani mnapochukulia mizigo, na wewe ukitaka kujibu mpe yeye huyo huyo.

Nataka uniambie kaka Yoramu ana nini na mimi.

Kikundi chetu kimefanya mazoezi ya igizo lile miezi mitatu. Ulikaa mstari wa mbele, uliona. Wapagazi wangu wanane wakaingia na mizigo kichwani na kaniki viunoni, msafara unatoka Tabora unakwenda pwani. Uliona Karani alivyopita na daftari lake jeusi akiwaandika majina mmoja mmoja, na kila aliyeandikwa akaongezewa mzigo na kufungwa kitambaa mdomoni. Watu wa Mwabulugu walimzomea Karani mpaka mwigizaji akaniuliza kama atafika salama kwenye gari. Halafu wapagazi wakakataa kuandikwa, wakatoa kadi zao za kupigia kura, wakaimba "Jina langu nalibeba mwenyewe", na watu wenu nao wakaanza kutoa zao. Zilitoka kwenye pindo za kanga, zilitoka kwenye Biblia. Mimi nilitaka kulia, wifi. Miaka kumi na moja nafanya sanaa sijawahi kuona kitu kama kile.

Ikaja sehemu ya watazamaji, ambapo yeyote anaruhusiwa kuingia achukue nafasi ya mpagazi aonyeshe angefanya nini. Nani akaingia? Kaka yangu wa tumbo moja. Akachukua mzigo, akaukalia, akasema si kila daftari ni baya, kuna daftari la kitongoji linakuja wiki ijayo na kila mtu akaandikwe, mwenye kadi na asiye na kadi. Anasema huku anajikuna tumbo. Uwanja mzima ukaanguka kicheko. Wangeachaje kucheka? Huyu ndiye manju wao wa nyimbo, miaka ishirini anawachekesha kwenye ngoma za mavuno, hata akisema mvua imeanza watu wanacheka kwanza ndipo waangalie juu.

Mimi ndiye naendesha, ikabidi niokoe igizo. Nikawauliza watu, "Mnamwamini mpagazi huyu?" Wakasema hapana. Nikauliza tena, na hapana ya pili ilisikika barabarani. Akainuka akaenda zake.

Igizo lile nililileta kwa ajili yako. Akina mama wanataka ugombee uenyekiti wa kitongoji mwezi ujao, mumtoe Shukrani kabla hajamkabidhi lambo yule mtu wa mpunga na pampu zake. Lambo moja, ng'ombe wote wa Mwabulugu na ndoo zote za Mwabulugu. Mumeo anakuharibia mbele ya macho yako na wewe umekaa unatabasamu.

Mfunge mdomo, wifi. Kama hawezi kunisaidia anipishe.

Wifi yako,
Siwema Kashindye


Mwabulugu, Ziba
15 Oktoba 2024

Wifi Siwema,

Marahaba. Hiyo shikamoo yako umeirudisha kama mtu aliyeazima sufuria akairejesha bila kuiosha, lakini nimeipokea.

Kwanza, sikutabasamu. Nilikuwa nimeuma meno kwa aibu, na nikiuma meno sura inakaa hivyo, muulize hata mama yangu. Mimi mtu wa kuomba kura, halafu mume wangu anakalia mzigo katikati ya uwanja anajikuna. Jirani yangu mmoja aliniuliza, "Sasa ukishinda, huyu ndiye atakuwa anakaa na wageni wa serikali?"

Nimemwambia yote uliyoandika na nimeongeza yangu. Alijitetea. Eti alisikia mnadani Igunga kwamba uchaguzi huu wa vitongoji na vijiji una daftari lake peke yake, na kadi hazitahesabika. Mnadani, wifi. Mnadani ndiko alikosikia pia kwamba kuna dawa ya kupaka ng'ombe pembe akatoa maziwa mara tatu kwa siku. Tuligombana siku mbili. Tarehe kumi nikamwambia achukue blanketi lake akakae mbugani na ng'ombe mpaka nimalize mambo yangu, maana ng'ombe hawajui kucheka. Akaenda.

Pili, nina habari ya kukufurahisha.

Tangu Ijumaa waliweka meza kwenye ghala la zamani la pamba, na nyuma ya meza wakamweka Mwalimu Erasmus wa shule ya msingi. Anaandikisha majina. Siku tatu amekaa peke yake na nzi. Waliokwenda ni watu wa Shukrani tu, aliwapakia kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe, ukoo mzima. Nikawaambia akina mama, mnaona daftari hilo ni la nani?

Basi jana mwalimu kachoka kungoja, kapanda baiskeli, anapita nyumba kwa nyumba. Na daftari kwapani, wifi, jeusi vilevile kama la Karani. Alipoingia uwanja wa kwanza tu mtoto mmoja akaanza "Jina langu nalibeba mwenyewe". Ukisikia wimbo umetembea, basi ule ulitembea. Akina mama wakatoka na mifuniko ya sufuria wanagonga. Kila nyumba aliyofika wimbo ulikuwa umeshafika. Kwangu alinikuta nimeshika ufagio. Nikamuuliza, "Mwalimu, kadi ninayo, nilipigwa picha mwezi wa saba hapo hapo shuleni kwako. Jina langu unalitakia nini tena?" Akasema, "Mama, hili ni la serikali za mitaa." Nikamwambia hata Karani alisema ametumwa na serikali. Watu wakacheka, akageuza baiskeli. Nilimsindikiza na ufagio mpaka barabarani.

Hivyo ndivyo igizo lako linavyofanya kazi huku. Usiseme tena sikuungi mkono.

Nikishachukua fomu nitakujulisha.

Wifi yako,
Apolinaria


Isevya
17 Oktoba 2024

Wifi mpendwa,

Barua yako nimeipata. Nashukuru kwa habari zote.

Nina haraka sana, kesho tuna wageni kutoka kwa wafadhili, wanakuja kuliangalia igizo hapa mjini, na kaniki tatu zimechanika. Nimeshinda dukani kwa Saroj kubishana naye, anasema za rangi ile zimekwisha. Nikipata nafasi nitakuandikia vizuri zaidi.

Huyo mwalimu, msimtukane sana. Ni mtu wa kutumwa.

Msalimie kaka akirudi.

Siwema


Mwabulugu
4 Novemba 2024

Siwema,

Leo sina wifi wala salamu.

Ijumaa nilikwenda kuchukua fomu. Nilivaa gauni la kitenge ulilonishonea, nikafuatana na akina mama sita. Mtu wa mezani akafungua orodha, akapita na kidole juu mpaka chini, akarudia. Akaniuliza, "Mama, ulijiandikisha wapi?" Nikamwonyesha kadi. Akaitazama, akanirudishia, akasema hiyo ni ya kuchagua rais, wabunge na madiwani, mwakani. Huu wa vitongoji una orodha yake ya wakazi, iliandikwa siku kumi, imefungwa tarehe ishirini. Asiyekuwemo hapigi kura wala hapigiwi.

Nikamwambia aangalie majina ya wenzangu. Hakuna hata mmoja. Mwabulugu nzima wameandikwa watu thelathini na mmoja, nao ni wale wa mkokoteni. Ng'ambo ya korongo, kule mlikotaka kwenda jioni ile gari lenu likakataa kuwaka, wamejiandikisha watu mia moja na tisini. Unaelewa ninachokuambia? Kule ambako hamkufika watu watapiga kura. Hapa mlipofika na ngoma, na mizigo, na Karani wenu, hakuna mtu.

Uliwafundisha watu kumfukuza mwandikishaji. Mimi nilimfukuza kwa mkono wangu. Kila ninapoushika ule ufagio nataka kuutia motoni. Mwalimu Erasmus nilikutana naye lamboni, nikainama kama ninafunga kiatu, na nilikuwa pekupeku.

Na Yoramu alisema. Alisimama pale akasema maneno yale yale aliyoniambia mtu wa mezani, neno kwa neno, na wewe ukawageuza watu wote wamwambie hapana mara mbili. Mara moja haikukutosha.

Miezi mitatu ya mazoezi. Katika miezi mitatu hakuna mtu mmoja katika kikundi chako chote cha wasomi aliyeuliza uchaguzi unaokuja ni upi?

Shukrani hana mpinzani. Jibu ukipenda.

Apolinaria


Isevya
10 Novemba 2024

Wifi,

Umeniandikia kama mtu anayemwandikia mwizi.

Mimi ndiye serikali? Kazi ya kuwaeleza watu kuna daftari la pili ni ya Siwema wa Isevya? Mwezi wa saba wanawaita watu wapigwe picha wapewe kadi, mwezi wa kumi wanawaita tena kwa daftari lingine. Mtu aliyeshinda shambani atajuaje lipi ni lipi? Kawaandikie hao.

Igizo lile lilitungwa kwa ajili ya uchaguzi wa mwakani. Wafadhili ndio waliotaka tuanze mapema, tupite vijijini kabla ya mvua. Na Karani sikumtoa hewani. Uchaguzi uliopita hapa Isevya walipita watu nyumba kwa nyumba wakiandika majina na namba za kadi, hatukujua wametumwa na nani, na watu wengi siku ya kura walibaki nyumbani kwa woga. Mama mwenye nyumba wangu ni mmojawapo. Nilikuwa na haki ya kumweka Karani.

Na tuongee ukweli wote, kwa kuwa umetaka ukweli. Si mimi niliyeshika ufagio. Si mimi niliyempeleka mume wangu mbugani siku moja kabla meza haijawekwa. Mtu alikuwa ndani ya nyumba yako, anakula kwenye sinia lako, anakwambia kitu kile kile siku mbili mfululizo, ukamwona mjinga. Mimi nilimsikia dakika tatu katikati ya kelele. Wewe ulikuwa na siku mbili za utulivu.

Naye kaka angevaa sura ya mtu mzima walau siku moja katika maisha yake. Ukiwa na jambo la maana huliletei watu umekalia mzigo unajikuna tumbo.

Nimeumia kama wewe. Usinifanye adui.

Siwema


Mwabulugu
29 Novemba 2024

Siwema,

Juzi wamepiga kura. Ndiyo ishirini na nane, hapana tatu. Mchana Shukrani alishachinja.

Nikueleze siku ilivyokwenda, maana hukuwepo na hukuuliza. Watu walijua hawamo, niliwaambia nyumba kwa nyumba, nilikwenda mwenyewe nikaomba radhi nikiwa na aibu yangu. Hata hivyo walikuja. Walisimama nje ya uwanja wa shule na kadi zao, hawakufanya fujo, walisimama tu. Bibi Julieth, unamkumbuka, yule aliyekaa kwenye kigoda siku ya igizo akaimba mpaka sauti ikakauka, yeye hakukubali kubaki nje. Aliingia kwenye foleni na kadi yake kwenye mfuko wa plastiki. Tangu vyama vingi vianze hajakosa kura hata moja, na ana goti bovu. Wakamwambia kwa heshima, bibi, simama pembeni. Akasimama pembeni. Akaniuliza, "Yule binti wa Kashindye aliyetuimbisha, yuko wapi?" Nikasema yuko mjini. Akasema, "Mwambie nimekuja."

Jana nguzo za uzio wa yule mtu wa mpunga zimeshushwa lamboni. Shukrani anasema mmenichagua kwa kishindo, sasa tuache maneno tufanye maendeleo. Jambo litapelekwa mkutano mkuu wa kijiji tarehe kumi na nne, lakini nguzo zimeshushwa kabla ya mkutano, kwa hiyo unaona anavyouhesabu mkutano huo. Tukikosa lambo, maji ya karibu ni saa mbili kwa miguu, na ng'ombe wa kiangazi hawezi kutembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Yoramu ameanza kuuliza bei ya kuwauza wote.

Yoramu hajaniambia "nilikwambia" hata mara moja. Amerudi kutoka mbugani, anakula, ananishukuru kwa chakula, anatoka. Manju mzima, na nyumba iko kimya kama ya wageni. Afadhali angenitukana.

Barua yako ya mwisho ilinikasirisha kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Nilimfukuza mume wangu na nilishika ufagio. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini kwa hasira nilizitoa barua zako zote nikazisoma tena kwa mpangilio, na nimekwama kwenye ile fupi ya tarehe kumi na saba. Nimekuhadithia tumemfukuza mwandikishaji, jambo ambalo kwa kawaida ungeandika kurasa nne za kujisifu. Wewe unaniandikia kaniki za Saroj. Halafu unasema, "Huyo mwalimu, msimtukane sana. Ni mtu wa kutumwa."

Kwenye igizo lako Karani hakuwa mtu wa kutumwa. Alikuwa mwizi. Nani alikwambia kwamba huyu ametumwa?

Tarehe kumi na saba zilikuwa zimebaki siku tatu. Nijibu hilo tu. Usinieleze habari ya wafadhili wala mama mwenye nyumba wako.

Apolinaria


Isevya
5 Desemba 2024

Wifi Apolinaria,

Ndiyo. Nilijua.

Barua yako niliipata tarehe kumi na sita mchana, nikaisoma nimesimama pale pale stendi. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye ufagio. Wakati huo likapita gari la matangazo, linasema siku nne zimebaki za kujiandikisha kwenye orodha ya wakazi. Gari hilo lilikuwa limepita kila siku. Nilikuwa silisikilizi kwa sababu nilidhani linawaita wasio na kadi. Nikaenda kuuliza ofisini, pale ofisi ya mtaa. Dada wa pale alinieleza kwa dakika mbili, bila hata kuacha kula karanga zake, na kila alichosema kilikuwa kile alichosema kaka akiwa amekalia mzigo.

Kulikuwa na basi la saa nane. Ningefika kabla jua halijazama, na kesho yake ningesimama uwanjani Mwabulugu. Nilijua hilo pia. Nilitazama basi likijaza abiria.

Sikupanda kwa sababu tarehe kumi na nane wageni walikuwa wanakuja kuliona igizo, na bila Karani hakuna igizo. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya kweli ni nyingine. Ningepaswa kusimama mbele ya watu wale wale na kusema Yoramu alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Sikuweza, wifi. Mdomo ulikataa nikiwa bado pale stendi.

Wewe ulimpata Yoramu akiwa ameshakuwa manju. Hukuwepo nyumbani kwetu. Nyimbo alizoimba tukiwa wadogo nilizitunga mimi nikitwanga, ananisikia, anakwenda kuziimba uwanjani, baba anamtuza shilingi mbele za watu. Mimi naambiwa niongeze maji kwenye chungu. Nilipomwona amekalia ule mzigo, kwenye igizo langu, na watu wangu wanamchekea yeye, sikusikia neno hata moja alilosema. Niliona ananichukulia tena. Ile hapana ya kwanza ilikuwa ya kuokoa igizo. Ya pili ilikuwa yangu mimi.

Tarehe kumi na sita ile nilimpigia simu. Iliita mpaka ikakata yenyewe. Nikafurahi. Nakuandikia hili kwa sababu umetaka ukweli: nilifurahi kwamba hakupokea, nikajiambia nimejaribu. Sikupiga tena. Wewe sikukupigia kabisa. Kesho yake nikakuandikia habari za kaniki, na keshokutwa yake tukacheza, Karani akazomewa vizuri sana, wageni wakapiga makofi wamesimama.

Nimemtoa Karani kwenye igizo. Hilo haliwasaidii kitu, najua.

Usininyamazie, nitukane. Na kaka usimwambie mpaka nijue nitamwambiaje mwenyewe.

Siwema


Mwabulugu
16 Desemba 2024

Siwema,

Barua yako nimeisoma mbele ya watu.

Nilikuwa nimeamua nikuite uje mkutanoni useme mwenyewe. Halafu nikafikiri, huyu alishindwa kupanda basi zikiwa zimebaki siku nne na lambo likiwa mikononi, leo ataliweza? Nikaichukua barua.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, uwanja wa shule. Shukrani alikuja na yule mtu wa mpunga amevaa miwani. Alisema maendeleo, alisema pampu, halafu akasema katika hili wataamua wale tu waliomo kwenye orodha ya wapiga kura. Mwalimu Erasmus akanyoosha mkono. Mwalimu Erasmus, niliyemsindikiza na ufagio. Akamwambia mtendaji wa kijiji, taratibu kama anafundisha darasa la tatu, kwamba mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka kumi na minane, daftari haliulizwi hapa. Mtendaji akapekua karatasi zake, akasema mwalimu yuko sahihi.

Watu hawakufurahi kama ungedhani. Walikuwa wamechoka kuambiwa hiki halali na kile si halali. Mmoja nyuma akasema mara ile tuliambiwa tusiandikwe, sasa tunaambiwa tunyooshe mikono, kesho tutaambiwa mikono nayo haikuwa halali. Wengine wakaanza kuinuka waondoke. Ndipo nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyeongoza kumfukuza mwalimu na mnajua, na nina barua ya yule aliyetuimbisha, sikilizeni jinsi tulivyopoteza kura zetu. Nikasoma. Mwanzo nilitaka kusoma ile sehemu ya ofisini tu. Lakini hasira ikiwa mdomoni hairukii mistari. Nilisoma yote, mpaka makofi ya wageni wako.

Hakuna aliyecheka. Walioinuka walikaa. Bibi Julieth alisema, "Kumbe kadi yangu haikuwa mbovu." Alikuwa amefikiri kadi yake ndiyo yenye makosa, siku zote hizo.

Mtendaji akauliza wanaokubali lambo litolewe. Mikono thelathini na kitu. Wanaokataa. Sikuhesabu mimi, alihesabu mtendaji na Mwalimu Erasmus, mia moja na sitini na saba, na imeandikwa kwenye muhtasari, nimeuona kwa macho yangu kabla sijaondoka. Nguzo bado ziko pale chini. Shukrani anasema atalileta tena mkutano wa mwezi wa tatu, na atalileta, namjua. Tutakuwepo.

Sasa lililobaki. Uliniomba nisimwambie Yoramu. Sikumwambia. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa darasa la nne na wanaume wenzake, nami nilishafika kwenye ile simu ndipo nikamwona, na nilikuwa nimeshasoma "nikafurahi". Alisikia na watu wote. Hilo nimekosa mimi, na nimemwomba msamaha, akasema hakuna neno. Alinyoosha mkono wake wa kukataa pamoja na wengine, akangoja uhesabiwe, ndipo akaenda kwa ng'ombe.

Nimemuuliza jana kama ana neno la kukuandikia. Amekataa. Amesema tu kwamba siku ile simu ilikuwa kwenye chaji kwa mtu mwenye sola huko mbugani, akaichukua saa kumi na moja akakuta umepiga mara moja. Alitaka akupigie yeye, akasema la, utadhani anataka uombe radhi. Alikaa nayo mkononi mpaka ng'ombe wote wakaingia zizini, anangoja upige tena.

Apolinaria